Harufu ya Nyumba Mpya

Katika miaka kumi na tisa ya upolisi Glenys Hartigan alikuwa amenusa maiti za siku nne, za wiki mbili, na moja ya miezi mitano iliyoviringishwa kwenye zulia. Hata hivyo, Alhamisi ile mlango wa nyumba ya akina Farrugia ulipofunguliwa alirudi nyuma hatua moja, akakohoa kama mtoto aliyepaliwa.

"Umeona?" akasema Leanne Farrugia, aliyekuwa ameshika kitasa. "Na hapo nimepiga deki mara mbili leo."

Nyumba yenyewe ilikuwa na wiki sita tu tangu wahamie. Ilikuwa magharibi ya Melbourne, kwenye mtaa uliopimwa juzi juzi ambao wauza viwanja waliubatiza Maji ya Korongo. Korongo hakuna hata mmoja. Maji yapo, yametuama kwenye shimo nyuma ya nyumba ya jirani wa pekee, aliyehamia wiki iliyopita, ya kijani na yenye povu. Kila upande ni vumbi, matofali na mabomba ya plastiki, na upepo wa kaskazini wa Januari ulikuwa ukileta joto la nyuzi arobaini pamoja na nzi wa kila ukubwa.

Glenys alikuwa ameacha polisi akaanza kukagua nyumba mpya kwa niaba ya wenye nyumba. Alikuwa akisema wajenzi wanaongopa vizuri kuliko wauaji, tena hawatoki jasho. Akavaa glavu, akachukua daftari.

"Nianzie mwanzo," akasema Leanne. "Tulipohamia, bomba la baridi likatoa maji ya moto. Nikacheka. Mlango wa stoo ukagoma kufunga. Nikanyamaza. Halafu baada ya mwaka mpya ikaja hii."

"Inatoka wapi?"

"Chumba cha mama mkwe." Leanne akashusha sauti. "Mume wangu Sav anasema mama anajikojolea, anaficha nguo. Kesho saa nne asubuhi linakuja gari la nyumba ya wazee kumchukua. Nimekuita kwa sababu mimi ndiye ninayefua, Glenys. Sijawahi kukuta shuka lenye unyevu. Hata moja."

"Mwenyewe anataka kwenda?"

"Hataki. Aliuza nyumba yake ya St Albans, kakaa mle miaka arobaini, ili tujenge hii. Anataka kufia kwenye chumba chake. Lakini mtu akimwambia ananuka, anainamisha kichwa na kusema basi, nitakwenda."

"Kwa hiyo nina mpaka kesho saa nne."

"Ukipata kosa la wajenzi, Sav atakosa la kusema."

Glenys alianza nje, kama kawaida yake. Akafungua mfuniko wa chemba ya majitaka: maji yanapita vizuri. Akakagua mabomba ya kutolea hewa juu ya paa, moja baada ya jingine: hayajaziba. Ubavuni mwa nyumba palikuwa na mapipa mawili ya taka, mapya kabisa, stika ya manispaa bado iko kwenye mfuniko: yameletwa tarehe tisa Januari. Akafungua la kwanza, akakutana na uozo wa kawaida wa pipa, maboksi ya piza na maganda ya tikiti. Si huu. Akaandika na kuingia ndani.

Bibi Karmena Farrugia, miaka themanini na mmoja, alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa gauni lililopigwa pasi, nywele bado zinachuruzika maji. Mbele yake ilisimama fremu yake ya kutembelea, ile ya aluminiamu yenye miguu minne. Mikono yake ilikuwa imepasuka pasuka kwa sabuni. Chumba kilikuwa kisafi kuliko zahanati, na kilinuka kiasi kwamba Glenys alilazimika kupumua kwa mdomo.

"Bibi Karmena, unaisikia harufu hii?"

"Mimi sisikii harufu yoyote, binti yangu. Tangu ule ugonjwa wa mwaka juzi pua imekufa. Kahawa kwangu ni maji ya moto tu. Lakini wakiniambia ninanuka naamini, wao ndio wenye pua."

"Leo umeoga?"

"Mara tatu."

"Tangu asubuhi?"

"Na jioni nitaoga tena, kabla mwanangu Saviour hajarudi. Nisamehe kwa usumbufu."

Glenys hakupenda kuombwa msamaha na mtu msafi vile. Akageuza godoro, akakagua mishono. Akapiga magoti na kunusa zulia dogo la kando ya kitanda. Akafungua kabati na kupekua hadi soksi. Akaenda choo cha ndani, akamwaga maji kwenye kila tundu la sakafu. Kote hakukuta tone. Kisha akamwomba bibi ampishe ukutani.

Karmena akainuka taratibu, akaegemea fremu. Raba zilizovikwa ncha za miguu ya fremu zikalia kwenye vigae.

"Zimeshika vizuri," akasema Glenys, ili kusema neno.

"Mpya hizo. Saviour aliniwekea tarehe mbili, nisiteleze. Mwanangu mwema yule. Amenichoka, lakini hasemi."

Leanne akamchukua mama mkwe wake jikoni. Glenys akafungua madirisha yote mawili, akaanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Kutoka mlangoni hadi kitandani uliitika mtupu, kama ukuta wowote wa jipsamu. Nyuma ya kichwa cha kitanda ukaitika kwa sauti nzito. Harufu nayo ilikuwa imepungua. Alidhani ni madirisha, na jambo hilo lilimuudhi kwa muda mrefu baadaye.

Akatoa msumeno mdogo, akakata mraba wa ukubwa wa mto.

Chupa ya kwanza ilimwangukia mguuni. Ya pili na ya tatu zikafuata. Alipomaliza kuchomoa alikuwa amepanga kumi na moja sakafuni, za soda na za maji, zimejazwa kitu cha manjano, nyingine kimekuwa cha kahawia na kina utando. Nyuma yake mlikuwa na karatasi za pai za nyama zenye mafuta yaliyoganda, mfupa wa kuku, na soksi moja ngumu kama ubao. Kwa mwezi mzima bibi huyu alikuwa analala kichwa chake kikiwa sentimita kumi kutoka kwenye uchafu huo, huku akiambiwa mchafu ni yeye. Glenys alipiga picha kumi na nane, akampigia simu msimamizi wa ujenzi.

Dwayne Kuchel alikuwa kwenye nyumba ya tatu kutoka pale, akafika baada ya dakika kumi, akiwa na buti zake za vumbi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye shingo nyekundu ya jua.

"Hiki nini?" akauliza Glenys.

Dwayne akatazama. "Juisi ya tufaha."

"Kunywa."

Akavua kofia, akaikunjakunja. "Sawa, mama. Choo cha saiti kilichelewa wiki tatu. Vijana wangefanyaje, wajisaidie barabarani?"

"Kwa hiyo wakajisaidia ukutani kwa mtu."

"Si kwa mtu. Nyumba ilikuwa haina mtu bado." Aliona uso wa Glenys akaharakisha. "Kila saiti ndivyo inavyokwenda. Ukuta ukishafungwa umefungwa, nani atakuja kuukata? Ukikata nyumba zote za mtaa huu utafungua kiwanda cha soda."

"Na wewe ulijua."

"Mbili ni zangu," akasema Dwayne, na alikuwa na aibu ya kutosha kutoonyesha zipi.

"Nitaandika jina lako."

"Andika. Nitaleta vijana wazibe, nitapaka rangi mwenyewe. Lakini nikuambie kitu, usikasirike. Angalia vifuniko. Vyote vimekazwa, hakuna kilichovuja. Sasa harufu imetokaje? Halafu mkojo haunuki vile. Nilipoingia mlangoni nimesikia kitu kilichokufa."

"Mtaalamu."

"Nimefanya kazi kwenye machinjio miaka mitatu. Mkojo ni mkojo, mama. Kile ni nyama."

Glenys aliinama na kujaribu vifuniko, kimoja kimoja. Dwayne alikuwa anasema kweli. Hata hivyo ukuta ulikuwa umefunguliwa, uchafu ulikuwa umeonekana, na Leanne aliyechungulia mlangoni alikuwa ameshaziba mdomo kwa mikono miwili huku machozi yakimtoka.

"Basi si mama," akasema Leanne. "Si mama. Nilijua."

Saa kumi Sav Farrugia alirudi kutoka kwenye duka lake la matairi. Jina lake kamili lilikuwa Saviour, yaani Mwokozi. Alikuwa mnene, mpole, wa miaka arobaini na sita. Alizitazama zile chupa, ambazo Dwayne alikuwa amezipanga nje kwenye ndoo, kisha akamtazama Glenys.

"Sawa," akasema. "Kwa hiyo ndiyo hiyo."

Glenys alikuwa ameonyesha wenye nyumba wengi mambo maovu yaliyofichwa kwenye kuta zao. Walitukana, walipiga mateke, mmoja alimkaba fundi. Huyu hakumgeukia hata Dwayne.

"Hukasiriki?" akamuuliza.

"Nimekasirika. Lakini chumba si umekibomoa tayari? Mama hawezi kulala humo. Kesho aende tu, tukishatengeneza tutaona."

"Sav," akasema Leanne. "Tumeshajua kuwa si yeye."

"Nimesema tutaona."

Hakuna aliyetaka kukaa ndani. Leanne aliandaa chai gereji, ambako familia ile, kama Wamalta wengi wa upande ule wa mji, ilikuwa na jiko la pili na meza ndefu. Mlango mkubwa ulikuwa wazi, upepo unapita moja kwa moja. Leanne akatenga sahani ya pastizi, vipai vya jibini vilivyotoka kuokwa. Dwayne hakualikwa wala hakufukuzwa, akavuta kiti. Hewa ilikuwa ya vumbi na matairi, na kwa mara ya kwanza tangu mchana Glenys alipumua kwa pua.

Ndipo Bibi Karmena akatoka jikoni na fremu yake. Mguu wa mbele, raba zikalia. Mguu mwingine. Harufu ikafika kabla yake.

Dwayne aliweka chini pastizi yake na kupeleka mkono puani. Karmena akauona mkono ule. Akasimama pale pale kati ya mlango na meza.

"Samahanini," akasema. "Nitakunywa ndani."

"Simama hapo hapo, bibi," akasema Glenys.

Alijikasirikia hata shingo ikapata moto. Kutwa nzima amekata ukuta, na ukuta hautembei. Harufu ya chumbani ilipungua pale bibi alipotoka, si pale madirisha yalipofunguka. Jikoni alikokuwa amekaa bibi ndiko kulikonuka sasa, na chumbani kulikuwa hakunuki tena kwa saa nzima. Akazunguka meza, akachuchumaa mbele ya yule mama mzee, akatazama nzi.

Nzi hawaongopi kwa sababu hawana faida. Kwenye gauni hakutua hata mmoja. Kwenye viatu hakutua hata mmoja. Walikuwa wamejipanga chini ya fremu, kwenye miguu yake, mle kwenye vitundu vidogo vya kurekebishia urefu, wanaingia na kutoka kama wapangaji.

"Leanne, mpe mama kiti. Bibi, niazime hii dakika moja."

"Wewe, acha hiyo," akasema Sav, akainuka nusu. "Hiyo ni ya hospitali. Ukiivunja tutalaumiwa sisi."

"Sitaivunja."

Aliigeuza juu chini. Raba nne nyeusi, mpya, kila moja imezungushiwa tepu ya fundi umeme kwa uangalifu sana. Mtu anayebadilisha raba hahitaji tepu. Glenys akakata tepu kwa kisu, akashika raba ya kwanza na kuvuta. Iligoma, kisha ikatoka ghafla kwa mlio mchafu, na kilichokuwa ndani kikamwagika kwenye saruji.

Kilikuwa uji mweusi wenye kung'aa, na ulikuwa ukicheza kwa funza. Harufu iliyopanda haikuwa tena harufu. Iliingia machoni, ikakaa kwenye ulimi. Dwayne, mwenye chupa zake mbili ukutani, alikimbilia sinki la kufulia akatapika kila kitu. Leanne alimkumbatia mama mkwe wake na kuficha uso kwenye nywele zake zilizonukia sabuni. Glenys alibaki amechuchumaa, kamasi zikimtoka, akauchokoa ule uji kwa ncha ya bisibisi.

Akatoa uzi mwekundu, mrefu kuliko kidole. Akatoa jicho dogo jeusi, mviringo, kama punje ya pilipili manga.

"Kamba wa baharini," akasema Leanne polepole. "Hivyo ni vichwa vya kamba."

"Mlikula lini?"

"Krismasi. Kilo tatu, nilimenya mwenyewe. Vichwa na maganda nikafunga kwenye mfuko nikaweka kwenye friza, kusubiri siku ya kutupa taka. Si ndivyo kila mtu anavyofanya? Ukitupa kwenye pipa na joto hili, mtaa mzima utakuchukia."

"Na siku hiyo ulitoa?"

"Mimi sikutoa. Nilipoangalia havikuwepo, nikajua Sav ametoa."

Glenys akageuka. "Sav?"

"Nilitoa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Jumatatu baada ya Krismasi. Niliweka pipa nje mwenyewe jioni, gari likapita asubuhi."

"Pipa lipi?"

"Pipa letu. Lipo hapo ubavuni."

"Lile lina stika ya tarehe tisa Januari. Baada ya Krismasi hamkuwa na pipa."

Sav akasukuma kikombe chake mbali.

"Taka zote za wiki zile nilikuwa napeleka kwa dada yangu Werribee, kwenye buti ya gari," akasema Leanne. Alikuwa anaongea na Glenys lakini anamtazama mumewe. "Kila Jumapili. Na wewe ulikuwa unanicheka."

"Basi niliweka kwenye pipa la jirani."

"Jirani gani?" akauliza Glenys. "Mtaa huu mliishi peke yenu hadi wiki iliyopita. Nani mwingine aligusa fremu hii?"

Dwayne akafunga bomba la sinki.

"Wewe uliweka raba," akasema Glenys. "Tarehe mbili. Uliviyeyusha vichwa, ukavishindilia kwa kitu, mpini wa mwiko labda, miguu yote minne, ukafunga na tepu ili visidondoke, ukaacha vitundu wazi. Ulijua kuwa mama yako hana pua. Alikuwa anatembea na kaburi hilo mkononi kutoka chumbani hadi mezani, na kila alipopita mlikuwa mnaziba pua."

"Siyo hivyo."

"Ni vipi?"

Sav alikaa. Aliongea akitazama meza. "Yuko kila mahali. Nikigeuka yupo. Nikifungua friji yupo. Sikuwahi kuwa na nyumba, Leanne, hata siku moja, sijawahi kuwa na nyumba yangu tu. Na kwetu hakuna anayempeleka mama yake nyumba ya wazee. Watu wa kanisani wangenitema mate. Nilitaka aombe mwenyewe. Wiki moja tu, nilijua ataomba. Halafu hakuomba, akawa anaoga."

"Na ukamwachia vivyo hivyo," akasema Leanne.

"Ningevitoaje? Mngejua."

Glenys alikuwa amesikia watu wakikiri kuua na hakuwahi kutaka kunawa mikono kama alivyotaka sasa. Zile chupa za ukutani zilimjia kama kitu cha heri. Walau waliozijaza hawakumjua atakayelala pale. Akamgeukia Bibi Karmena, kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu.

Mama mzee hakulia. Alikuwa ameitazama ile raba mpya mikononi mwa Glenys, kisha uji ule sakafuni ambao yeye peke yake hakuusikia.

"Kila asubuhi," akamwambia mwanawe, "nilikuwa nakuomba radhi. Unakumbuka? Unakunywa kahawa, mimi nasimama mlangoni, nakuomba radhi kwa harufu yangu. Na wewe unanijibu, si kitu, Mama."

Sav akafunika uso kwa mikono yake minene. Mabega yakaanza kutikisika.

"Niliacha kanisa," akaendelea Karmena. "Nilikaa nyuma kabisa Jumapili mbili, halafu nikaacha. Nilidhani Mungu ananiozesha ningali hai." Akamgeukia mkwewe. "Leanne, binti yangu, nipigie ile namba ya watu wa kesho."

"Nitaongea nao mimi, Mama."

"Nipigie, unipe."

Leanne akabonyeza, akampa. Karmena akaishika simu mbali kidogo na sikio, kama wazee wanavyoshika, hivyo wote wakasikia sauti changamfu ya msichana upande wa pili ikimkaribisha, ikimwambia chumba chake tayari, mashuka ya plastiki yameshatandikwa.

"Msije," akasema Karmena. "Hapana, sijafa. Hapana, mwanangu hakuwaambieni kweli, mimi sina tatizo la kujikojolea." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo, tatizo lipo. Lina miaka arobaini na sita, nililizaa mwenyewe, na sasa hivi limekaa hapa gereji linalia."